Sataranji na Kompyuta: Somo Kutokana na Mchezo wa Sita wa Mei 1997

Utangulizi

Tarehe 11 Mei 1997, mjini New York, Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia wa sataranji tangu mwaka 1985, aliketi mbele ya ubao kucheza mchezo wa sita na wa mwisho wa pambano lake na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM. Michezo mitano ilikuwa imekwisha, na kila upande ulikuwa na pointi mbili na nusu. Mwaka uliotangulia, katika mji wa Philadelphia, Kasparov alikuwa ameishinda mashine hiyo kwa pointi 4 kwa 2. Safari hii mambo yalikwenda kinyume. Baada ya hatua 19 tu alikubali kushindwa, na kwa mara ya kwanza bingwa wa dunia aliyekuwa bado katika cheo chake akashindwa pambano zima na kompyuta, kwa kanuni za muda zinazotumika katika mashindano ya kawaida.

Mchezo huo unafaa kusomwa darasani kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwa mfano mfupi jinsi kompyuta inavyotafuta jibu la tatizo lenye njia nyingi mno. Pili, unazusha swali linalomhusu kila mwalimu na kila mwanafunzi: kuna tofauti gani kati ya kukumbuka, kukokotoa na kuelewa? Makala haya yataeleza kwanza ubao na kete, kisha hesabu iliyomo ndani ya mchezo, halafu yatafuatilia ufunguzi wa mchezo wenyewe hatua kwa hatua.

Ubao na kete

Sataranji ni mchezo wa kale. Jina lenyewe limesafiri mbali: katika Kihindi cha kale mchezo uliitwa chaturanga, Waajemi na Waarabu wakauita shatranj, na Waswahili wakaupokea kwa jina la sataranji. Ubao una miraba 64. Safu za wima hutajwa kwa herufi a hadi h, na safu za mlalo kwa namba 1 hadi 8, kwa hiyo kila mraba una jina lake, kama vile e4 au g6. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza grafu atatambua mara moja kwamba huu ni mfumo wa majiranukta.

Kila mchezaji huanza na kete 16: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Lengo ni kumfunga mfalme wa upande wa pili asiwe na pa kukimbilia. Ili kulinganisha nguvu za kete, wachezaji huzipa thamani za kukadiria: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hapewi thamani, kwani akifungwa mchezo umekwisha.

Mchezo hugawanywa katika sehemu tatu: ufunguzi, mchezo wa kati, na mwisho. Wachezaji wa bao la Kiswahili hawatashangaa. Wao pia huanza kwa namua, wakati kila mmoja ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kabla ya kuingia katika mtaji. Katika michezo yote miwili, kosa la mwanzoni halionekani papo hapo. Huchelewa, kisha hudai malipo yake.

Mti wa uwezekano

Mwenye kete nyeupe, ambaye hapa ataitwa Mweupe, ndiye anayeanza. Ana hatua 20 anazoweza kuchagua. Mweusi naye ana majibu 20. Kwa hiyo baada ya kila mmoja kucheza mara moja, kuna njia 20 × 20, yaani 400. Baada ya kila mmoja kucheza mara mbili, njia hizo zimefikia 197,281. Hesabu hii huchorwa kama mti: shina ni hali ya ubao ilivyo sasa, kila hatua inayowezekana ni tawi, na kila tawi huzaa matawi mengine.

Katikati ya mchezo, mchezaji huwa na hatua zipatazo 30 za kuchagua. Tuseme kompyuta inataka kutazama mbele zamu sita, yaani zamu tatu za kila upande. Italazimika kukagua hali 30 kwa kipeo cha 6, ambazo ni 729,000,000. Deep Blue ilikuwa na chipu maalumu 480 zilizotengenezwa kwa ajili ya sataranji tu, na iliweza kukagua hali zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Kazi hiyo, basi, ingeichukua sekunde zisizozidi nne. Lakini zamu zikiongezwa mbili tu, hesabu inakuwa 30 kwa kipeo cha 8, yaani hali 656,100,000,000, na muda unakuwa dakika 55 hivi. Hapa ndipo mwanafunzi anapoona maana ya ukuaji wa vipeo: zamu mbili zaidi huzidisha kazi mara 900.

Mwaka 1950 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alikadiria kwamba idadi ya michezo ya sataranji inayoweza kuchezwa ni kama 10 kwa kipeo cha 120. Mashine inayokagua milioni 200 kwa sekunde ingehitaji sekunde ambazo idadi yake ni 5 ikifuatwa na sifuri 111. Jua letu limekuwapo kwa sekunde zipatazo 10 kwa kipeo cha 17 tu. Ni dhahiri kwamba kukagua mti wote hakuwezekani, leo wala kesho. Ni lazima ipatikane njia ya kukagua sehemu tu ya mti, na kukisia iliyobaki.

Njia ya kuchagua na njia ya kukata

Kompyuta hutumia kanuni mbili. Ya kwanza ni kuchagua kwa kudhani kwamba mpinzani naye atachagua lililo jema kwake. Chukua mfano mdogo. Mweupe ana hatua mbili, A na B. Akicheza A, Mweusi ana majibu mawili, yanayomwachia Mweupe faida ya +3 au +2. Akicheza B, majibu mawili ya Mweusi yanamwachia Mweupe +9 au −4. Mchezaji mwenye tamaa atakimbilia B kwa sababu ya ile +9. Lakini mpinzani hatampa, atampa −4. Kwa hiyo thamani halisi ya B ni −4, na ya A ni +2. Mweupe anapaswa kucheza A.

Kanuni ya pili ni kukata matawi yasiyo na maana. Tuseme kompyuta imekwisha kujua kwamba A ina thamani ya +2. Inapoanza kukagua B, jibu la kwanza inalokutana nalo ni lile la −4. Hakuna haja ya kuendelea. Hata majibu mengine ya Mweusi yawe na faida gani kwa Mweupe, B haiwezi kuishinda A. Tawi lote linakatwa. Matawi yakipangwa vizuri, kanuni hii hupunguza kazi mpaka ikaribie mara mbili ya kipeuo cha pili cha kazi ya awali. Zile hali bilioni 656 zinaweza kupungua hadi milioni 1.6 hivi.

Hata hivyo, mwishoni mwa kila tawi kompyuta lazima iseme hali hiyo ni njema kiasi gani, ingawa mchezo haujakwisha. Hesabu ya thamani za kete ndiyo msingi, lakini haitoshi. Deep Blue ilizingatia mambo zaidi ya 8,000 katika kutathmini hali moja: usalama wa mfalme, uhuru wa maaskofu, mpangilio wa askari, na kadhalika.

Ufunguzi wa Caro-Kann

Katika mchezo wa sita Kasparov alikuwa na kete nyeusi. Silaha yake ya kawaida ilikuwa ulinzi wa Sicily, lakini siku hiyo alichagua ulinzi wa Caro-Kann, uliopewa majina ya Horatio Caro na Marcus Kann, walioufanyia uchambuzi katika miaka ya 1880. Ni ulinzi wa mtu mwenye subira: Mweusi hujenga ukuta imara kwanza, kisha husubiri.

Mchezo wote umeandikwa hapa chini. Mf ni mfalme, Ml malkia, Ng ngome, As askofu, Fa farasi. Askari hana alama. Alama × ni kula, + ni kumtishia mfalme, na 0–0 ni kumhamishia mfalme pembeni nyuma ya ngome. Mwalimu anashauriwa kuwapa wanafunzi ubao wafuatilie kwa mikono yao.

1. e2–e4, c7–c6
2. d2–d4, d7–d5
3. Fa b1–c3, d5×e4
4. Fa c3×e4, Fa b8–d7
5. Fa e4–g5, Fa g8–f6
6. As f1–d3, e7–e6
7. Fa g1–f3, h7–h6
8. Fa g5×e6, Ml d8–e7
9. 0–0, f7×e6
10. As d3–g6+, Mf e8–d8
11. As c1–f4, b7–b5
12. a2–a4, As c8–b7
13. Ng f1–e1, Fa f6–d5
14. As f4–g3, Mf d8–c8
15. a4×b5, c6×b5
16. Ml d1–d3, As b7–c6
17. As g6–f5, e6×f5
18. Ng e1×e7, As f8×e7
19. c2–c4, na Mweusi akakubali kushindwa.

Kosa la mpangilio

Hatua sita za kwanza zilikuwa za kawaida, zilizokwisha kuchezwa na watu mara nyingi. Kiini cha mchezo kimo katika hatua ya saba ya Mweusi, askari h7–h6. Hatua hiyo kwa yenyewe si mbaya. Katika mchezo wa kawaida Mweusi humtoa kwanza askofu wake kutoka f8 kwenda d6, kisha hatua moja baadaye husogeza askari wa h ili kumfukuza farasi wa g5. Kasparov aliitanguliza ile ya pili.

Ili kuelewa athari yake, tazama mraba wa g6. Mwanzoni unalindwa na askari wawili, wa f7 na wa h7. Askari wa h7 akisogea hadi h6, hawezi tena kuulinda. Anabaki wa f7 peke yake. Sasa farasi wa Mweupe anamla askari wa e6 na kujitoa kafara. Askari wa f7 akimla farasi huyo, anauacha mraba wa g6 bila mlinzi, na askofu wa Mweupe anaingia hapo akimtishia mfalme. Lau askofu wa Mweusi angekuwa amekwisha kutoka f8, mfalme angekuwa na mlango wa kutokea. Lakini mlango ulikuwa umezibwa na mtu wake mwenyewe.

Kasparov hakula farasi mara moja. Alimleta malkia e7, ili farasi wa e6 awe amebanwa mbele ya mfalme wake. Mweupe akamhamisha mfalme pembeni, na kubanwa huko kukaisha. Farasi akaliwa, askofu akaingia g6, na mfalme wa Mweusi akalazimika kwenda d8, katikati ya watu wake, akiwa amepoteza haki ya kuhamia pembeni. Malkia aliyesimama e7 naye alimzuia askofu wa f8 asitoke. Mweusi alikuwa na kete nyingi zaidi, lakini zilikuwa kama watu waliofungiwa chumbani.

Mwanafunzi wa kemia anaijua hali hii. Anayepunguza ukali wa asidi ya salfuriki humimina asidi ndani ya maji, polepole, na kazi huenda salama. Anayemimina maji ndani ya asidi hukutana na joto kali na asidi inayoruka usoni. Vitu ni vile vile, vitendo ni vile vile; kilichobadilika ni mpangilio tu.

Kafara ilitoka wapi?

Swali linalofuata ndilo lenye uzito. Je, mashine ilikokotoa kwamba kafara ya farasi ingeleta ushindi? La. Hatua ya nane ilitoka katika kitabu chake cha ufunguzi, yaani orodha ya hatua iliyohifadhiwa katika kumbukumbu. Kitabu hicho kilikuwa na hali zipatazo 4,000 zilizoandaliwa na binadamu kwa uangalifu, na pamoja nacho kulikuwa na muhtasari wa michezo ipatayo 700,000 iliyochezwa na wachezaji stadi. Waliojenga mashine, wakiwemo Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joseph Hoane, walisaidiwa na bingwa mkuu Joel Benjamin wa Marekani.

Wakati huo ilifahamika sana kwamba kompyuta hupenda kete na huogopa kafara ambayo malipo yake yako mbali, kwani malipo hayo yako nje ya upeo wa macho yake. Kasparov alilitegemea jambo hilo. Alimsoma mpinzani wake kwa kanuni ya jumla, na kanuni hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini hakuzingatia kwamba mashine haikuwa peke yake. Nyuma yake walikuwapo watu, na nyuma ya watu hao ilikuwapo elimu iliyokusanywa na vizazi vya wachezaji. Dhana ambayo haijajaribiwa ni hatari hata kwa bingwa, na ni hatari zaidi kwake, kwa sababu huiamini kwa ujasiri.

Hata hivyo, haitakuwa haki kusema kwamba mashine ilikariri tu. Kitabu kilipokwisha, ilibidi ukokotoaji uchukue nafasi. Askari wa a4 alifungua njia upande wa mfalme aliyekwama. Ngome ilishika safu ya e. Na katika hatua ya 17 askofu alijitoa kwa kwenda f5. Askari alipomla, safu ya e ilifunguka na ngome ikamla malkia.

Hapa kuna jambo la kushangaza kwa anayehesabu. Baada ya hatua ya 18 Mweupe alikuwa na malkia, ngome, askofu, farasi na askari sita: 9 + 5 + 3 + 3 + 6, jumla 26. Mweusi alikuwa na ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari watano: 10 + 6 + 6 + 5, jumla 27. Kwa hesabu ya kete, aliyekubali kushindwa ndiye aliyekuwa mbele! Lakini ngome zake zilikuwa bado zimelala pembeni, mfalme wake alikuwa uwanjani bila ukuta, na askari wa c4 alikuwa anabomoa kilichobaki. Iwapo Mweusi angemla askari huyo, malkia wa Mweupe angekula naye kwa c4 na kumbana askofu wa c6 mbele ya mfalme wake. Kipimo kimoja, hata kikiwa sahihi, si picha nzima.

Baada ya pambano

Kasparov aliondoka na malalamiko. Alitaka kuona kumbukumbu za ndani za mashine, hasa kuhusu mchezo wa pili, na alitaka pambano la marudiano. Kumbukumbu zilitolewa hadharani baadaye, marudiano hayakufanyika. Deep Blue ilistaafishwa, na sehemu zake zimehifadhiwa katika makumbusho nchini Marekani.

Miaka 20 baadaye, Desemba 2017, ilitangazwa programu ya namna nyingine kabisa, iliyoitwa AlphaZero. Haikupewa kitabu cha ufunguzi wala michezo ya watu. Ilipewa kanuni tu, kisha ikajifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake. Ilikagua hali zipatazo 60,000 kwa sekunde, ilhali mpinzani wake, programu ya Stockfish, ilikagua zipatazo milioni 60. Hata hivyo AlphaZero ilishinda. Katika kujifunza huko, iligundua yenyewe funguzi nyingi ambazo binadamu walizipata kwa karne kadhaa, na Caro-Kann ilikuwa miongoni mwazo.

Hitimisho

Mchezo wa hatua 19 umeonyesha mambo matatu. Kukumbuka kunaokoa muda, lakini anayekariri bila kujua sababu ya mpangilio atakwama siku mpangilio utakapobadilika. Kukokotoa kunafika mbali, lakini daima kuna upeo ambao hesabu haiuvuki. Kuelewa ni kujua kwa nini askari wa h7 ana kazi ya kulinda g6 kabla hajaiacha kazi hiyo. Mwanafunzi anayeingia katika chumba cha mtihani akiwa na kitabu kizima kichwani, bila sababu hata moja, anacheza h7–h6 kila siku. Ila hajakutana bado na mpinzani wa kumwonyesha.

Maswali ya mazoezi

1. Onyesha kwamba Mweupe ana hatua 20 mwanzoni mwa mchezo. (Kumbuka: askari anaweza kusogea mraba mmoja au miwili katika hatua yake ya kwanza.)

2. Iwapo kila mchezaji ana hatua 25 za kuchagua, kuna njia ngapi baada ya zamu nne?

3. Mweupe ana hatua tatu. Majibu ya Mweusi kwa hatua ya kwanza yanampa Mweupe +1 au +6. Kwa hatua ya pili, −2 au +8. Kwa hatua ya tatu, +3 au +4. Achague ipi? Ni majibu yapi ambayo hayakuhitaji kukaguliwa, ikiwa ukaguzi ulifuata mpangilio huu?

4. Eleza, kwa kutumia ubao, kwa nini kafara ya farasi kwenye e6 isingefaa kama askari wa Mweusi angekuwa bado h7.

5. Mjadala: Nani alimshinda Kasparov: mashine, walioijenga, au wachezaji waliotangulia ambao michezo yao iliwekwa katika kumbukumbu?